Makaa Juu ya Barafu ya Serikali

Kinachonirudia kwanza ni harufu: mpira mweusi wa sakafuni uliolowa, soksi za watu wengi, na ule ubaridi wa mashine uliokuwa na harufu yake wenyewe, kama friji iliyofunguliwa baada ya safari ndefu. Ukumbi wa barafu ulikuwa Qurum, hapa Maskati, nyuma ya maofisi, na ulikuwa mali ya serikali. Nje jua liliunguza usukani wa gari mpaka Baba akaushika kwa ncha za vidole. Ndani ukipumua unatoa moshi. Siku za kazi watoto wa skuli waliletwa kwa mabasi, na Jumamosi asubuhi ilikuwa zamu ya wanawake, vioo vyote vikizibwa kwa karatasi. Sisi tulikaa Darsait, ghorofa ya pili juu ya gereji, na mimi, binti wa miaka kumi na moja nisiyeweza kumaliza sahani ya wali bila kuinuka mara tatu, nilianza kuingoja Jumamosi tangu Jumapili.

Mwaka ule televisheni ilionesha Olimpiki ya majira ya baridi. Nyumba nzima, sisi ambao asili yetu ni Unguja na ambao mvua ikinyesha Maskati tunatoka nje kuitazama, tukawa tunabishana juu ya watu wanaoteremka milima ya theluji kwa mbao miguuni. Bibi aliwaonea huruma. "Hawa wana wazee wao kweli? Nnaona wanajitafutia kifo bure," alisema, na hakubanduka mbele ya televisheni mpaka mwisho. Mimi milima haikunishughulisha. Niliwatazama wasichana waliozunguka juu ya barafu kwa mguu mmoja, mwingine wameuinua nyuma, na damu ikanichemka. Nilipaka sabuni vigae vya sebuleni nikateleza kwa soksi hadi Mama akaificha sabuni. Nilishaamua kwamba ipo siku nitakwenda kwenye michezo hiyo, wa kwanza kutoka kwetu, na ingawa sikumwambia mtu, hakuna aliyekuwa hajui.

Baba alikuwa afisa katika idara iliyosimamia ukumbi ule. Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, alitueleza kwamba nchi jirani zinatafuta mahali pa kufanyia mashindano ya watoto ya kuteleza kwenye barafu, na wageni watakuja kuukagua ukumbi wetu. Tukichaguliwa kuwa wenyeji, utatengenezwa upya na kubaki mikononi mwa serikali. Tusipochaguliwa, atapewa mfanyabiashara wa samani ambaye muda mrefu alikuwa akiutaka uwe duka. "Kitu cha serikali ni chetu sote," alisema Baba, akimenya chungwa. "Akipewa mtu mmoja, atafunga mlango na ufunguo autie mfukoni." Siku ile sikula tena. Nilizunguka kutoka chumba hadi chumba nikigusa kuta, na kila nilichokishika nilikiona kinaweza kuchukuliwa.

Mapokezi yaliangukia mikononi mwa Shangazi Zuwena, dada yake Baba, mkubwa wa wanawake wa Jumamosi, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuvaa viatu vya kutelezea hata siku moja. Aliagiza halwa, akatayarisha kahawa, akaleta chetezo chake cha udongo na makaa ya kuchomea udi, kwa sababu kwetu mgeni hufukizwa kabla ya kuondoka. Aliyekuwa na wasiwasi ni Wambua, Mkenya aliyeendesha mashine ya kulainisha barafu na kuipenda barafu ile kuliko sisi sote. "Hapana, mama. Moto na ice haziwezi kaa pamoja. Hiyo kitu ikimwagika, khalas, tumemalizika," alimwambia. Shangazi hakutetereka. "Mwanangu, mgeni hatoki kwetu hivi hivi bila ya kufukizwa. Watatwambia sie watu gani?" Wakapatana chetezo kikae mlangoni, juu ya mpira, kisisogezwe.

Wageni walikuwa watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja. Hawakukaa. Waliingia moja kwa moja katikati ya barafu na vipimo vyao, wakainama, wakatoboa, wakaandika, na saa ikapita. Halwa iliota ngozi. Makaa yakaanza kuvaa majivu. Shangazi alikuwa akiyapuliza huku akinitazama, mimi niliyekuwa nimeshavaa viatu na kuzunguka pembeni kwa sababu sikuweza kusimama. "Wewe si unajua kuteleza? Hebu wapelekee, moto utazimika na watu watatuondokea hivi hivi," alisema. Nilikichukua chetezo kwa mikono miwili. Ningeweza kwenda moja kwa moja, ilikuwa hatua chache tu, na ukweli huu nimeukimbia kwa miaka mingi: sikwenda moja kwa moja. Niliona nafasi yangu imefika. Nilichukua mzunguko mpana kama niliouona kwenye televisheni, nikainua mguu wa nyuma, na kwa kitambo kidogo nilifurahi kuliko siku yoyote niliyopata kuishi.

Kisha nilianguka. Makaa yalitawanyika yakilia shii, yakachimba barafu na kuiachia mashimo meusi, na ukumbi wote ukanukia udi. Yule mgeni mwanamke aliniinua, akageuzageuza viganja vyangu kutazama kama nimeungua. Wambua alikuja mbio na ndoo, akapiga magoti na kuzoa kipande kimoja kimoja, akisema peke yake, "Pole, pole," na sikujua anaiambia barafu au ananiambia mimi. Baba alisimama ukingoni na kanzu yake iliyopigwa pasi.

Hatukuchaguliwa. Barua ya wageni ilitaja ubovu wa mabomba, viti na umeme. Makaa haikuyataja, na Baba alinisomea mara mbili nisikie mwenyewe. Sikuamini. Shangazi aliapa kwamba kosa ni lake, "mie ndo nliyemtuma," lakini kila alipoapa ndivyo kila mtu alivyozidi kuyakumbuka makaa. Kabla ya mwaka kwisha pale palikuwa na vitanda na makabati, na Wambua alikuwa amepata kazi kwenye ghala la samaki. Viatu vyangu Mama alimpa jirani. Nilikua nikiitwa kwa utani "muunguza barafu", nami nilicheka pamoja nao.

Mwaka jana nilikuwa nikimrudisha Baba kutoka hospitali, jicho moja limefungwa bandeji. Tulipopita Qurum nikarudia utani ule, kwamba pale ndipo nilipowapokonya watu barafu yao. Taa za barabarani zilipotusimamisha, alinigeukia. "Hukupokonya kitu wewe," alisema. "Barua ya kumpa yule bwana wa samani ukumbi nliandika mimi, mwezi mzima kabla ya wageni kuja. Nliambiwa andika, nkaandika. Ziara ilikuwa ishapangwa, haikuweza kufutwa." Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. "Watu washakubali kuwa ni makaa," alisema. "Nkaona bora iwe makaa." Niliegesha gari pembeni. Nilimkasirikia mzee yule kwa hasira ya mtoto wa miaka kumi na moja, na mpaka leo haijanitoka yote, ingawa nampelekea chakula kila Ijumaa na kumtilia dawa ya jicho.

Haijanitoka kwa sababu sasa afisa ni mimi. Ofisi yangu iko Ruwi, na mezani pana faili la ukumbi mwingine wa barafu, mdogo, wa serikali, ambako binti yangu Samira mwenye miaka tisa anajifunza kuteleza. Kampuni moja inautaka, na inaahidi kuleta mashindano makubwa. Nimesoma habari za nchi za baridi, ambako milima ya kuteleza ni mali ya umma na bado watu wanagombana kama waipokee Olimpiki au waikatae, wakihofia kwamba wageni wakishaondoka uzio wa kuwazuia wenyeji utabaki. Zamani nilidhani kitu cha wote kinapotea kwa ajali, kwa mtoto kuteleza. Siku hizi najua kinavyopotea, na sikai kitini nikatulia.

Jana, tukila, Samira aliniuliza kama ukumbi wao utabaki. Nilifungua kinywa nimwambie hayo ni mambo ya wakubwa, nikakifunga. Nikamwambia kuna barua ya kuipa kampuni ukumbi, na wa kuiandika ni mimi, na nimeshaambiwa la kuandika. Akaweka kijiko chini.

"Na utaandika?" aliuliza, na bado anangoja jibu langu.