Mnadi Anayenusa Sadaka

Sikukuu ya mavuno ikifika, mnadi wa kanisa hainadi sadaka kabla hajainusa. Mtama huutafuna na kutema mchanga. Kuku humpuliza manyoya, akamkazia macho kama mwizi aliyefumaniwa. Mwaka huu aliinua jogoo wa Yunisi, shingo imelegea.

"Jamani, huyu ana kideri! Wazima mnakula nyie, wagonjwa mnampa Mungu. Kawa zahanati?"

Kanisa zima likacheka. Yunisi akamfuata mchungaji, uso umemshuka.

"Baba Mchungaji, mwondoe huyu mtu. Mdomo wake hauna breki."

"Nikimwondoa, mama, mwakani mtaniletea mizoga."

Yunisi akaenda nyumbani, akarudi amekumbatia tetea wake anayetaga. Mnadi akamnusa tetea, akafumba macho.

"Huyu sasa," akasema, "hata mimi ningemwiba."