Frateri Aliyerudi Puge

Nilirudi nyumbani Puge wakati wa kuvuna karanga, nikiwa na godoro lililokunjwa na sanduku la vitabu. Miaka mitano nilikuwa seminari ya Kipalapala nikisomea upadri, nikiitwa frateri. Hakuna aliyenifukuza. Nilikwenda mwenyewe kwa mlezi wangu nikamwambia siwezi kuahidi mbele ya altare jambo ambalo moyo wangu umelikataa. Alinisikiliza, akaniombea, nikaondoka.

Baba alikuwa uani anamenya karanga. Nikamwamkia. Alimgeukia mama akasema kwa Kiswahili, "Muulize huyu anamtafuta nani."

Nyumbani kwetu tunasema Kinyamwezi. Kiswahili ni cha wageni na watu wa ofisi. Mama alilia, lakini hakunikaribisha.

Waumini wa kigango chetu walikuwa wameshanipa upadri kabla ya askofu. Kila likizo waliniletea kuku, na wazee wenye mvi waliniachia kiti cha mbele. Sasa wakasema nimempa mimba binti wa Tabora mjini. Wanawake walinyamaza nikifika kisimani. Shangazi yangu, mwenyekiti wa akina mama wa kigango, alinifuata hadi shambani.

"Umetuvua nguo mbele ya kanisa la Wamoravian," alisema. "Heri ungekufa ukiwa frateri, tungekuzika kwa heshima."

Nilimchukia, na sioni aibu kusema kwamba chuki ile ndiyo iliyoniamsha kesho yake, si sala. Nilibeba sanduku nikaenda Bukene kutafuta kazi.

Karibu na stesheni ya treni, kwenye baraza ya duka, alikuwepo fundi cherehani, mama mtu mzima aliyevimba miguu, asiyeweza tena kukanyaga pedali kutwa nzima. Nikamwomba anifundishe. Akanitazama mikono.

"Ya kufunulia vitabu hiyo. Ulikuwa wapi?"

"Seminari. Niliacha."

"Ukiacha na hapa, usije kuniaga."

Hakuwa na huruma. Wiki za mwanzo alinishonesha makaratasi bila uzi. Aliponipa kitambaa, kila mshono uliopinda aliniambia "fumua" mbele ya wateja, na wateja wakacheka. Siku moja nilikata suruali ya mtu, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Mwenye suruali akanikaba kola, fundi akaendelea kutunga uzi kwenye sindano. Yule mtu alipoondoka, fundi akatoa kitambaa chake mwenyewe.

"Anza tena," alisema. "Hutakula mpaka umalize."

Nilimaliza jua likizama. Hakunisifu. Aliipiga pasi, akaikunja, akaniambia nikale.

Mwaka wa pili miguu ilimshinda kabisa, akahamia kwa binti yake na kuniachia baraza na cherehani moja. Sikuwa na rafiki pale Bukene, ila nilikuwa na wateja.

Kabla ya Pasaka shangazi alikuja na wenzake wawili, wamebeba vitenge vya sare. Fundi wao wa Puge alikuwa mgonjwa.

"Tumeletwa na shida," alisema. "Usidhani tumekuja kukuona."

"Shikamoo, shangazi. Simama nikupime."

Aliitika kwa shida. Nilimpima mabega, kifua, kiuno. Alikuwa amekonda. Wakati wa kukata nilitamani kumharibia, na namna niliijua: ningebana makwapa kidogo tu, gauni lingependeza akiwa amesimama na kuchanika kanisani akiinua mikono. Nilishika mkasi muda mrefu nikiwaza hivyo. Kisha nikakata sawasawa. Sikufanya kwa upendo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu sasa, na sikutaka mshono mbaya wa mkono wangu utembee barabarani.

Alipokuja na wenzake kuchukua, alilivaa gauni lake, akainua mikono, akajigeuza.

"Limekaa," alisema. Halafu akaongeza, "Hatujakusamehe."

"Sikuomba msamaha, shangazi."

Wenzake walitazama chini. Yeye alinikazia macho, kisha akatoa kwenye mkoba kitambaa cha kijivu na karatasi ya daftari yenye vipimo.

"Suruali ya baba yako. Amesema usiweke marinda."

Nilikipima kitambaa. Kilitosha.

"Aje Alhamisi," nikamwambia. "Aje mwenyewe, aijaribu."