Siku Mto Wangu Ulipomwangusha Mama Mkwe

Jamani, chekeni sasa hivi mmalize, maana kisa hiki hata mume wangu akikianza mbele ya wageni mimi hukimbilia jikoni na kujifanya naangalia chungu.

Nilikuwa nimeteguka kifundo cha mguu nikishuka mteremko wa Nkanka na furushi la vitenge kichwani (mvua ilikuwa imenyesha, na mimi nilikuwa nimevaa viatu vya harusini, msiniulize kwa nini), na hata uvimbe ulipoisha mguu ukabaki mgumu, nikikanyaga cherehani unalalamika, nikishuka ngazi unayumba. Dada wa kine, ndivyo tunavyowaita hapa Kamembe hawa wataalamu wa kunyoosha viungo, akanipa mazoezi: nizungushie wayo kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli nivutane nao, nisukume goti kuelekea ukutani bila kisigino kuinuka, halafu nisimame kwa mguu mmoja, kwanza sakafuni, baadaye juu ya mto, na nikishazoea kabisa nifumbe macho.

"Lakini karibu na ukuta, Maman," akasisitiza. "Ukiyumba, ushike ukuta."

Mto nikaushona mwenyewe, nikaujaza mabaki ya vitambaa, na mguu ukaanza kulainika kweli, basi kichwa nacho kikavimba, nikawa nasimama mguu mmoja nikimenya ndizi, nikingoja maji bombani, kila mahali, nikawa kero kwa mtaa mzima.

Ikafika siku ya koperative yetu ya mafundi cherehani kuchagua rais. Rais aliyekuwepo alikuwa mama mkwe wangu, Maman Zaituni, aliyetufundisha wengi wetu kukata kitambaa, na safari hii alikuwa anapingwa na Maman Furaha wa kutoka Bukavu, mwanamke mwenye maneno matamu ambaye alikuwa anapita mashine kwa mashine akisema wazee wapumzike. Neno hilo lilimchoma mama mkwe. Asubuhi ile hakunywa hata chai, na mimi nilimwonea huruma kwa dhati.

Kwetu hatupigi kura kwa karatasi. Wagombea wanasimama mbele wakiangalia ukuta, wasione nani yuko nyuma yao, sisi tunapanga mstari nyuma ya tunayemtaka, msimamizi anapuliza filimbi, na ikishalia hakuna kuhama.

Nikajipanga mwisho kabisa wa mstari wa mama mkwe. Msimamizi, mzee mpenda hotuba, akaanza kueleza umuhimu wa umoja, akaeleza, akaeleza tena, na mimi nikawaza, kwa nini nipoteze muda bure? Mto nilikuwa nao (nilikuja nao wa kukalia), nikauweka chini, nikapanda kwa mguu ule mbovu. Nikatulia kama korongo. Nikajisifu. Nikafumba macho.

Ukuta, ndugu zangu, ulikuwa mbali sana.

Nilihisi kifundo kinacheza kushoto, kinacheza kulia, nikarusha mikono kutafuta cha kushika, nikapata kilemba cha mama mmoja wa mstari wa Maman Furaha uliokuwa kando yetu, naye akamshika mwenzake kiunoni, mwenzake akamvuta wa mbele yake, tukaenda chini sote kwa kishindo, na katikati ya mayowe yale nikasikia filimbi.

"Wewe unalala hapo," msimamizi akaniita, "uko mu mustari ya nani?"

"Ya Maman Zaituni, Mzee! Nimeanguka tu!"

Akaniangalia, nimelala mzima mzima katikati ya watu wa Maman Furaha, kilemba cha mtu mkononi. "Filimbi imeisha kulia. Kwenye muntu iko, ni pale anahesabiwa."

Mama mkwe akashindwa kwa kura moja.

Alipogeuka, kitu cha kwanza alichoona ni Maman Furaha akininyanyua kutoka vumbini, akinikumbatia na machozi ya furaha: "Aksanti sana, mutoto yangu! Nilijuaka roho yako iko kwangu!" Na hapo hapo akanifunga kitenge kipya kiunoni, watu wakapiga vigelegele. Nilitamani ardhi ipasuke.

Njia nzima mama mkwe alitangulia mbele kwa hatua za haraka. Mlangoni tu ndipo akageuka: "Kama hunipendi, ungeniambia hapa ku nyumba. Hapana mbele ya bantu." Nikalia kweli, nikaapa kwa Mungu kwamba sitapanda tena mto mahali penye watu, nikamweleza habari ya kifundo mwanzo hadi mwisho, na yeye akanisikiliza kwa uso mkavu kabisa.

Baada ya siku nyingi za kununiana akaniita uani. "Leta ile mto yako," akasema, "na mazoezi utafanya mbele yangu." Tangu hapo yeye ndiye ukuta wangu. Napanda, ananishika mkono, nafumba macho, na mguu wangu, nashukuru, umepona karibu kabisa. Ila siku akikutana na Maman Furaha sokoni, ananisubiri nifumbe macho vizuri, halafu ananiachia.