Gurudumu na Mtu wa Nyuma ya Ukuta

Fundi wangu wa Kasoli amezikwa juma lililopita. Namwita wangu kwa sababu miaka ile ya hamsini, nilipokuwa nafundisha kijijini kwake, huko Bariadi, hakuna mtu niliyebishana naye zaidi, na inaniuma kwamba hatutabishana tena.

Ugomvi ulianzia kwenye kitabu cha shule. Kilisimulia gurudumu la kale huko Ulaya, lililofungiwa chumbani majuma kadhaa bila maji wala upepo wa kulisukuma, na mlango ulipofunguliwa likakutwa bado linazunguka. Fundi, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za kuchambua pamba, alishikilia kwamba ndani mlikuwa na vyuma vizito, vikianguka upande huu vinainua vya upande ule. Mimi nikasema ni ujanja mtupu, maana mtumishi wa mwenye gurudumu, mwanamke, alikuja kueleza kwamba walilizungusha kwa zamu kutoka chumba cha pili.

"Unamwamini mtumishi aliyegombana na bwana wake kuliko hesabu?" akanifokea.

Yangekuwa maneno tu, ningemwachia. Lakini mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha, wenzake wanalima, naye anataka kuuza maksai wake wawili anunue vyuma, ajenge gurudumu la kuvuta maji kisimani. Bila maksai hakuna pamba, na watoto walikuwa watano. Asubuhi moja mnunuzi akafika na kamba mkononi. Nilisimama mlangoni pa zizi nikabishana hadi sauti ikakauka. Fundi akanisukuma pembeni.

Mkewe akatua ndoo, ya tatu tangu alfajiri. "Mwalimu, nyuma ya ukuta wa chumba kile cha gurudumu kulikuwa na nani?"

"Mwanamke, mayu," nikajibu, nikimwita mama kwa Kisukuma.

Akamgeukia mumewe. "Basi baba, gurudumu unalo tayari. Maji yanafika hapa kila siku. Umewahi kuuliza yanaletwa na nini?"

Fundi akamwambia mnunuzi arudi na kamba yake. Kisha akawafunga nira maksai wake, akaenda shambani. Jioni nilimkuta njia ya kisimani na ndoo begani, wanaume wenzake wanamcheka, uso umemkunjamana kwa hasira, lakini hakuitua.

Msibani walimsifu kwamba mji wake ulijiendesha wenyewe. Nikaomba ruhusa, nikasimulia habari ya ndoo. Mjane akajibu kutoka ndani: "Hakuacha kuchota, Mwalimu, mpaka magoti yalipomshinda."

Msomaji wangu, ukiona kitu kinajiendesha, usipoteze muda kukisifu. Zunguka ukuta, umpokee mtu ndoo.