Herufi za Shangazi Kwandu

Enzi zetu, sisi tuliokulia Kasoli kabla minara ya simu haijasimama Bariadi, mtu hakutaja jina lake hovyo redioni. Alilitaja herufi moja moja, kwa jasho, na akikosea alirudia. Nalikumbuka hili kila ninapopigiwa simu na kijana wa ofisi ya mizigo anayetaka jina langu. Namtajia, anaandika "Kabura". Namrekebisha, anaandika "Kabulla". Kisha anachoka yeye, si mimi, na kusema, "Mama, nitumie tu kwa meseji." Juzi nilimwambia mmoja, "Andika Kilo, Alfa, Bravo, Yunifomu, Lima, Alfa." Akauliza kwa heshima kama hayo ni majina ya wanangu.

Nilikata simu. Herufi zile nilizisotea, na sikuzisotea ili nije kuulizwa swali kama hilo uzeeni.

Redio ya upepo, ile ya kuzungumza kituo kwa kituo, ilikuja Kasoli pamoja na kampuni binafsi za pamba. Kabla ya hapo ushirika ulinunua peke yake, na malipo yakasubiriwa mpaka watu wakaota mvi. Kisha serikali ikafungua milango, wanunuzi wakamiminika, kila mmoja na mzani wake na bei yake, na ghafla kila mtu alitaka kujua Maswa wameamka na bei gani. Kampuni moja ilipanga chumba karibu na gulio, ikasimamisha nguzo mbili ndefu, ikavuta waya katikati yake, ikaweka paneli ya sola juu ya bati na betri ya lori chini ya meza. Juu ya meza lilikaa sanduku jeusi lililochemka kutwa kama mafuta ya kukaangia dagaa. Hiyo ndiyo redio. Mbele yake alikaa Shangazi Kwandu, dada mkubwa wa baba yangu, amenyooka kama yuko kanisani.

Shangazi alikuwa karani wa ushirika. Alipunguzwa kazini pamoja na wengine wengi, baba yangu akiwemo. Yeye akapata kazi hii ya redio. Baba akapata ya kubeba marobota ya pamba kwenye ghala la kampuni hiyohiyo, lakini kule Mwanza. Alituaga akisema msimu ukiisha anarudi. Msimu ukaisha. Mwingine ukaanza nao ukakaribia kuisha, na baba alikuwa akitufikia kwa salamu tu, zikiletwa na madereva wa malori. "Yupo, anawasalimia," wakasema, kama mtu anayekurudishia chenji pungufu akitumaini hutahesabu.

Mama hakuuliza. Alipalilia, akachuma pamba, akaanika michembe ya viazi vitamu juu ya mwamba, akaimba kwaya Jumapili. Wanawake kisimani ndio waliouliza kwa niaba yake, tena kwa sauti. Shuleni, Maduhu niliyekaa naye dawati moja alitangaza kwamba baba yangu amekuwa mtu wa ziwani, amezoea sato, michembe haimpiti tena kooni. Nilimpiga kwa rula. Nikachapwa mimi.

Basi nilitaka kitu kimoja tu duniani: kushika ile maiki na kumuuliza baba anarudi lini. Nilikwenda kwa shangazi nikiwa bado na sare ya shule.

"Wewe ni operata?" akaniuliza.

"Hapana, shangazi."

"Basi simama huko mlangoni. Mimi nimeshapunguzwa kazi mara moja. Sipunguzwi tena kwa ajili ya salamu."

Nilisimama mlangoni bila kuondoka, kwa maana ukaidi ndio mali pekee niliyorithi upande wa baba. Mwishowe akasema kwamba sheria ya bosi ni moja, hashiki maiki asiyejua herufi. Namba za malori zilikuwa na herufi, marobota yalikuwa na herufi, majina ya wakulima wa kulipwa yalikuwa na herufi, na hewa ikichafuka ulisikia nusu tu ya kila kitu. Mtu mmoja akitamka vibaya, lori linakwenda Ngudu badala ya Kasoli. "Zijue zote bila kusita," akasema, "kisha uje." Nadhani alifikiri amenifukuza.

Maneno ishirini na sita, wenzangu, neno moja kwa kila herufi. Mengine yalikuwa rahisi. Kilo tuliijua kutoka kwenye mzani, na Lima ilikuwa ndiyo kazi yetu kila asubuhi kabla ya shule. India tulikuwa na ramani yake ukutani. Lakini Foksitroti? Yanki? Hakuna aliyeweza kunieleza Foksitroti ni mnyama au ugonjwa. Mwalimu wa Kiingereza nilipomuuliza aliniambia nikafute ubao.

Nilizikariri kwenye kamba. Mchezo wetu wa kuruka kamba ulikuwa na nyimbo zake, nikaziondoa, nikaingiza herufi: kila ukiruka, moja. Alfa, vumbi. Bravo, vumbi. Wenzangu walilalamika, kisha wakanogewa, na baada ya muda uwanja mzima wa shule ulikuwa ukitimka kwa Siera, Tango, Yunifomu, hata wasichana wa darasa la tatu ambao hawakujua wanachosema. Nyumbani niliendelea peke yangu nikitwanga. Siku moja mama akasimamisha mchi wake.

"Umesema nini?"

"Wiski, mama."

Kanisa letu halikutaka hata togwa iliyolala siku ya pili. Nilieleza kwamba ni herufi. Mama akasema herufi gani hiyo inayouzwa baa. Nikaambiwa niiruke. Sasa unairukaje W, na nusu ya majina ya wakulima wa Kasoli yanaanza na Ng'wa? Nikawa naisema chooni.

Nilirudi kwa shangazi nikiwa na uhakika. Nikasema zote mpaka Papa, nikaenda Romeo.

"Umeacha Kwibeki. Rudi nyumbani."

Nikarudi tena wiki iliyofuata, nikaweka Kwibeki, nikasahau Eksirei.

"Shangazi, hakuna Msukuma anayeanza na X. Hata Kiswahili hakina."

"Robota linayo. Rudi nyumbani."

Nililia njiani kwa hasira. Ninyi mnaowapa watoto wenu simu ili wanyamaze, sijui kama mmewahi kumwona mtoto akilia kwa sababu ya X. Leo mtoto akikosa jibu anauliza kwenye kioo cha simu, anajibiwa, na jioni hiyohiyo amesahau kwamba aliuliza.

Mara ya tatu sikukosea. Shangazi alisikiliza akiwa amefumba macho, nilipomaliza Zulu akayafungua, akanitazama kama mtu aliyepoteza dau. Akavuta maiki, akabonyeza.

"Mwanza, Mwanza, hapa Kasoli. Nitafutie ghalani mbebaji mmoja, mdogo wangu. Ana mgeni, ova." Ova ni kusema nimemaliza, zamu yako.

Operata wa Mwanza, mzee mwenye kikohozi, akasema tusubiri. Tulisubiri huku sanduku likichemka. Kisha sauti ikaja, nyembamba, kama mtu anayeongea ndani ya debe: "Hapa nipo. Nani?"

Shangazi akanikabidhi maiki. Nami nikapiga magoti.

Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Msichana hamsalimii baba yake amesimama. Lakini waya wa maiki ulikuwa mfupi, nao ukalivuta sanduku, likateleza mezani, na shangazi akalidaka kwa mikono miwili kifuani.

"Inuka wewe, hakuoni."

"Nitamsalimiaje nimesimama, shangazi?"

Alinitazama akiwa amekumbatia mali ya kampuni. Kisha, akinung'unika, akavuta kreti ya soda kwa mguu, akaiweka redio juu yake, chini, usawa wa uso wangu.

"Mwadila, baba. Ova."

"Mwadila, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu, baba. Ova."

Ikaanza salamu ya Kisukuma, yeye akiniita mayu, yaani mama, nami nikijibu mhola, yaani salama. Wasukuma tunajuana. Akauliza mama. Mhola. Akauliza bibi na mguu wake. Mhola. Akauliza mdogo wangu, jirani wa mashariki, jirani wa magharibi, ng'ombe mwekundu kama amezaa, ndama kama ni dume, paa kama linavuja. Kila alichouliza nilikijibu, na kila mara alisahau kuachia kitufe, nikamsikia akipumua huku akitafuta swali lingine. Shangazi alikuwa akiniashiria saa ya ukutani. Masafa yale yalikuwa ya wote, na vituo vyote vya kampuni vilikuwa vikisubiri: Maswa, Ipililo, Zagayu. Operata wa Zagayu, kijana mwenye maneno mengi, akapenyeza, "Kasoli, ndama tumempokea. Kuna lingine? Ova."

Nikabonyeza kwa vidole vyote.

"Baba, unarudi lini? Ova."

Nikaachia kitufe, nikaweka sikio kwenye sanduku.

"Eee, mayu," akasema baba. "Mambo ya huku, unajua. Tutaona."

Niliijua sauti ile. Ndiyo aliyoitumia nilipoomba viatu. Nikaiteremsha maiki, kwa maana mtoto hamuulizi baba yake mara mbili, na shangazi naye alikuwa ameangalia dirishani. Kumbe si sisi peke yetu tuliosikia.

"Mwanza, hapa Zagayu," yule kijana akasema. "Jibu hatukulipata. Tumesikia 'tutaona', na hiyo si siku wala si mwezi. Rudia, ova."

"Hapa Maswa. Nasi hatukulipata. Rudia, ova."

Akaingia mama mmoja wa Ipililo ambaye kwa kawaida alisema bei tu na kutoka. "Ipililo hapa. Mtoto anasubiri, na sisi tunasubiri. Kama hewa ni mbaya, taja kwa herufi. Ova."

Mzee wa Mwanza akakohoa karibu na maiki. Nilimsikia akisema kwa upole, "Jibu, bwana. Line inatumika."

"Kabla ya kupanda pamba," akasema baba.

"Zagayu imepokea."

"Maswa imepokea."

"Ipililo imepokea. Wabeja, asante."

Shangazi akanichukulia maiki, akaifuta kwa khanga, akasema, "Kasoli imepokea," na sauti yake haikuwa ile ya kazini.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi bei zikishatolewa, mmoja wao aliuliza. "Mwanza, yule mtu wetu amepanda gari?" Mzee akajibu bado. Kesho yake akauliza mwingine. Wakamwita baba ajibu mwenyewe, mbele ya wabebaji wenzake. Baba alifika mvua za kwanza zikinyesha, ameketi juu ya magunia matupu kwenye lori, na kabla hata mama hajampokea mfuko alikuwa amenuna. "Watu nisiowajua," akasema. "Kila siku ya Mungu wananiuliza. Nimechoka." Mama akampokea mfuko, akaenda kuweka maji ya kuoga. Usiku huo baba alikula michembe kwa karanga, akaomba nyingine. Mwanza hakurudi tena kukaa.

Kampuni ilifunga baada ya misimu michache, kama nyingi zilivyofunga, na nguzo zile zikawa kuni. Nikasoma hadi kidato cha nne, kisha miguu ikaniwasha: Kahama, Katoro, Tunduma, sasa Makambako, nikifuata minada na mabelo ya mitumba. Nina simu mbili na laini tatu. Wapwa zangu wanazo kubwa zaidi, na wanazitumia kusema "niko njiani" wakiwa bado kitandani, kisha wanaufuta ujumbe, na eti haukuwahi kusemwa. Wakijibiwa jibu bovu wanatuma kikatuni kinachocheka. Nikiwaambia zamani ahadi ya mtu ilisikiwa na wilaya mbili, wanasema, "Mama mkubwa, hiyo si kuingiliwa faragha?"

Labda. Mama yangu sasa ni mzee, na hunipigia Jumapili baada ya ibada. Namwambia nitakuja mwezi ujao. Nimeshamwambia hivyo miezi mingi. Yeye ni mpole, hujibu, "Haya, mwanangu," na simu inakatika. Naishusha sikioni nikiwa barabarani, kati ya watu wengi, na hakuna hata mmoja aliyesikia.