Baba Alivyoigusa Bahari

Baba yangu aliendesha trela kati ya Mombasa na Malaba kwa karibu miaka thelathini. Kila baada ya wiki mbili alipita kwetu Kiamunyi. Aliliegesha lori Salgaa, kwenye kituo cha malori, akarudi nyumbani kuoga, kula na kukagua madaftari yetu ya shule, kisha akaondoka tena. Kwetu sisi watoto, baba alikuwa mtu anayetoka baharini.

Siku moja mama alimwomba amletee maji ya bahari, ayaonje tu. Safari iliyofuata baba akaja na chupa nzima. Mama alitumiminia kila mmoja kifuniko kimoja, tukakunja nyuso kwa ule uchungu wa chumvi, na yaliyobaki akayaweka kabatini nyuma ya vikombe vya wageni. Kesho yake niliwaambia wenzangu darasani kwamba nimekunywa bahari.

Baba alipoacha kazi kwa sababu ya macho, mimi nilikuwa tayari mwalimu wa shule ya msingi na nilikuwa nimerudi kuishi karibu nao. Agosti shule zilipofungwa niliwaambia twende Mombasa, tukatembee mjini na ufuoni. Mama alikubali kabla sijamaliza kusema. Baba alisema Mombasa ameiona vya kutosha, lakini siku ya safari yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka nje na mfuko wake.

Njiani alikuwa mwenyeji wetu. Mai Mahiu alituonyesha kibanda alichozoea kulia matumbo na ugali. Mbele huko alizitaja kona moja moja, hapa breki zilimkatalia, pale alilala siku mbili akisubiri tairi. Tulipoingia kisiwani Mombasa nilimuuliza njia ya kwenda Mji wa Kale, akasema hajui. Nikadhani ni macho.

Tulikuwa tumepanga chumba kwa mama mmoja mjane, katika nyumba ya ghorofa yenye ngazi nyembamba na mlango wa mbao uliochongwa maua. Alitupokea kwa mahamri na mbaazi za nazi. Mama yangu alipomwambia "nyumba yako iko mzuri sana," yule mama alitabasamu, akamshika mkono na kumwambia kwamba Kiswahili cha bara nacho kina utamu wake. Tangu hapo wakawa marafiki.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda ufuoni Nyali. Upepo ulikuwa mkali, mwani umerundikana mchangani, na maji yamerudi mbali. Mama alivua viatu, akakunja sketi kidogo na kutembea moja kwa moja mpaka povu likamfika vifundoni. Akageuka.

"Mzee, njoo," aliita.

Baba hakusogea. Alikuwa amesimama kwenye mchanga mkavu na viatu vyake vyeusi vya kamba. Nilirudi kumshika mkono, nikidhani haoni pa kukanyaga. Ndipo akaniambia, taratibu, kwamba hajawahi kufika hapo. Hapo wala ufuo mwingine wowote. Lori lilikuwa likikaa foleni Changamwe, nje ya kisiwa, na huwezi kuliacha hata dakika kumi, ukirudi unakuta mafuta yamefyonzwa. Ukishapakia, unageuza na kuondoka. Bahari alikuwa akiiona kutoka barabarani, kupitia kioo cha lori.

Mama alikuwa amerudi, na alisikia yote.

"Na ile chupa?" nikamuuliza baba.

"Maji ya mfereji," alisema, macho chini. "Nilitia chumvi nikatikisa."

"Nilijua siku ile ile," mama akasema. "Chumvi ilikuwa imelala chini ya chupa."

Baba alimtazama. "Na hukusema?"

"Ulikuwa umeibeba kutoka mbali."

Kisha mama akachutama mchangani na kuanza kumfungulia kamba za viatu. Baba aliuweka mkono wake begani kwa mama asije akaanguka, akatoa mguu mmoja, halafu wa pili. Waliteremka pamoja, wakiruka mwani. Mimi niliwaangalia nikiwa nimeshika soksi.

Baada ya hapo tukawa tunakwenda kila shule zikifungwa. Desemba tulikuta joto la kukatisha usingizi na watu wa bara wamejaa ufuo mzima, kiasi kwamba mama alikutana na mwanamke wa kanisa lake humo humo majini. Baba hakuupenda msongamano ule. Alishinda barazani Mji wa Kale na majirani wa mwenyeji wetu, wakimuuliza habari za barabara ya kwenda Uganda, naye akijifunza kunywa kahawa chungu bila kukunja uso. Mimi na mama tulikwenda baharini alfajiri, kabla watu hawajaamka.

Aprili majirani zetu walishangaa. Ni wakati wa kupanda, nani anaacha shamba? Mama alipanda nusu, akasema nusu nyingine itangoja. Mombasa mvua ilikuwa ikinyesha mfululizo. Vichochoro vilijaa maji na ufuo ulikuwa mtupu, isipokuwa muuza madafu mmoja aliyejifunika gunia. Tulisimama tukitazama mvua ikinyesha juu ya bahari.

"Tumeshalowa," mama alisema. "Tunangoja nini?"

Baba alianza kukunja suruali, akaona haina maana, akaiacha. Waliingia wameshikana mikono, mpaka maji yakawafika kiunoni. Wimbi likaja likawaangusha wote wawili na kuwasukuma ufuoni, nami nikakimbia nikipiga kelele. Nilipowafikia, maji yalikuwa yamerudi nyuma, na wao wamekaa chini mchangani, kitambaa cha kichwani cha mama kimekwenda na maji, na wanacheka mpaka baba anakohoa. Niliwavuta wainuke, wakakataa. Mwishowe nami nikakaa.

Mwaka huo mahindi ya upande wa juu wa shamba yalitoka mafupi. Jirani alisimama kwenye ua akamuuliza mama yalipatwa na nini. Mama akamwambia yalichelewa kupandwa, walikuwa wamekwenda kuoga. Jirani alingoja aelezwe zaidi, lakini mama alikuwa ameshainama tena kupalilia.