Ratiba ya Walimu Walionuna

Shule nzima ilimwita Mama Ratiba, naye hakupinga. Jina lilimkaa kuliko lile la kwenye kitambulisho. Alikuwa karani, na kila muhula aliwapanga walimu thelathini na mmoja, madarasa kumi na manne na maabara moja kwenye ubao mmoja, kwa vikaratasi vya rangi na pini.

Muhula huu mkuu wa shule alimleta mpwa wake, mtaalamu mwenye kompyuta na shahada mbili.

"Mama, programu yangu inatafuta ratiba bora kuliko zote," kijana akajigamba.

Mkuu akaongeza kuwa ratiba itakayokuwa tayari Ijumaa saa nane ndiyo itakayotumika. Kompyuta ikishinda, ubao unakwenda stoo.

"Itafute, mwanangu," akasema Mama Ratiba. "Ukiiona, nisalimie."

Nyuma ya mlango wake kulikuwa na hesabu za chaki za miaka tisa, kila njia ya kupanga na migongano ya vipindi iliyozaa. Kuanza na Jumatatu: migongano kumi na tisa. Kuanza na walimu wakongwe: ishirini na mitatu, na matusi juu. Kuanza na mwenye nafasi finyu kuliko wote: minne tu. Basi akaanza na mwalimu wa fizikia, aliyekuja Jumanne na Alhamisi pekee, ikafuata maabara, na mwalimu wa michezo akawa wa mwisho, maana yeye hutoshwa na uwanja na filimbi. Alipokwama hakubomoa yote. Alibadilishana vikaratasi viwili. Fundo lilipojirudia mara tatu, aling'oa Jumatano nzima bila huruma.

Ijumaa saa nane ikagonga.

"Bado kidogo, mjomba," mpwa akajitetea. "Inalinganisha."

Ubao ukatundikwa chumba cha walimu. Mama Ratiba akasimama pembeni ya walimu akikagua nyuso zao, kwa kuwa hicho ndicho kipimo chake cha mwisho: ratiba iliyokaa sawa humnunisha kila mtu kidogo, na hakuna anayenuna sana.

"Vipindi viwili baada ya chakula? Jamani!"

"Afadhali wewe! Mimi kila asubuhi!"

Wote wamenuna. Isipokuwa mkuu, aliyefundisha uraia darasa moja tu, Jumanne baada ya chai. Huyo alitabasamu mpaka magego.

Mama Ratiba akaguna. Kuna kosa. Akapenya, akachomoa pini mbili, akambadilisha na mwalimu wa sanaa wa darasa lile lile.

"Mama! Ijumaa kipindi cha mwisho? Mimi?"

"Sasa imekaa sawa, mkuu."

Chumba kikaangua kicheko. Mkuu akautazama ubao, akatafuta mgongano hata mmoja, akakosa. Akamgeukia mpwa wake.

"Funga hiyo kompyuta. Kamletee mama pini."

Mama Ratiba akarudi ofisini, akafunga mlango, akaandika kwa chaki: migongano: hakuna; walionuna: thelathini na mmoja kati ya thelathini na mmoja. Akapigia mstari mara mbili.